Matroni wa Bwawa la Watoto

Pale Lusahunga, kabla hujayaona maji ya bwawa la watoto, ulikutana kwanza na mkono wa Matroni. Ulikuwa mkono mkavu wenye kucha zilizokatwa hadi mwisho, umeshika leso nyeupe iliyoloweshwa. Aliikamata nguo ya mtoto pindoni, akaisugua kwa leso mara tatu, kisha akaigeuza leso na kuitazama kwenye mwanga. Ikionekana rangi hata kidogo, mtoto haingii. Hakuwa na maelezo marefu. Alisema "Inachuja," akamgeukia aliyefuata, na mzazi akabaki amesimama na mtoto anayelia.

Nasimulia kama vile amekufa. Hajafa. Ni mimi niliyemzika moyoni mwangu miaka mitano iliyopita, na hata huko hakai akatulia.

Jina lake sitalitaja. Habari za kuzaliwa kwake sina, na zile nilizozisikia zilikuwa zinapingana, wengine wakisema kwao ni Ngara hii hii, wengine wakisema wazazi wake walivuka mto Kagera wakiwa wakimbizi. Mimi nilimjua kwa kazi yake tu. Kwanza alikuwa matroni wa bweni letu la wasichana huko Ngara, nami mwanafunzi. Alipostaafu, akawa mlinzi wa bwawa la watoto Lusahunga, nami wakati huo nikiwa fundi cherehani mwenye mtoto mmoja, kibanda changu kikitazamana na maegesho ya malori. Cheo kilimfuata. Hata madereva wa malori waliokuja kulala pale, watu wasiojua shule yetu iko upande gani, walimwita Matroni.

Mwenye bwawa alipata fedha kwa kutoa mizigo ya watu forodhani Rusumo, akanunua kiwanja kando ya barabara, akajenga nyumba ya wageni, jiko la nyama choma, na nyuma yake bwawa dogo lenye mtelezo wa buluu. Kwa watoto wa kwetu, ambao maji ya kuogelea kwao yalikuwa ya lambo la ng'ombe, kile kilikuwa kitu cha ajabu. Jumapili baada ya misa walikuja kutoka Biharamulo mjini na kutoka Ngara, wamejazana kwenye magari ya kukodi. Mwenye bwawa alihitaji mtu ambaye watoto na wazazi wote wangemwogopa. Hakutafuta sana.

Sheria za kwenye kibao alizitunga yeye, fundi rangi akaziandika huku amesimamiwa. Hakuna pamba. Hakuna jinzi, kanga wala kitenge. Hakuna mikono mirefu wala kofia. Hakuna kuingia na mafuta mwilini. Aliyekuja bila nguo ya kuogelea aliazimwa moja kutoka kwenye sanduku la mabati, na zile za kwenye sanduku zilikuwa za mtumba, za kamba nyembamba begani, zinazomwacha mtoto mgongo wazi.

Sitaki kumwonea. Kila sheria ilikuwa na sababu yake, na ukijikaza kumuuliza alikueleza. Pamba hutoa nyuzi na nyuzi huziba chujio. Mafuta huelea juu ya maji na kula nguvu ya dawa. Mwanzoni kabisa, kabla ya kibao, mtoto mmoja aliingia na gauni refu la kitenge, gauni likajaa maji na kumzungushia miguu, akaenda chini. Matroni aliruka na viatu vyake, akamtoa. Maji ya pale yanamfikia mtu mzima kiunoni, lakini yeye hakujua kuogelea na aliruka bila kupima. Baada ya hapo kuna nani angemwambia sheria zake ni kali?

Bwenini tulilala wasichana sabini na yeye hakutuita kwa majina. Alituita kwa namba za vitanda. Mimi nilikuwa Kumi na Nne. Alikagua vyandarua, kucha, ndala na nguo za ndani, na tulipomwamkia tulipiga magoti, yeye akaitika marahaba huku macho yake yako kwenye shuka yako. Alikuwa na neno moja lililotosha kwa kila jambo: fanya kwanza, utauliza baadaye. Ukiambiwa hamisha tranka, unahamisha. Ukiambiwa mwaga maziwa uliyoletewa na mama yako, unamwaga. Kuuliza baadaye hakukuwepo, maana baadaye kulikuwa na kengele nyingine.

Na bado ni yeye aliyenivusha siku ambayo sitaisahau. Nilikuwa kidato cha kwanza, tumepangwa kwenye paredi, na damu yangu ya kwanza ikaja pale pale mbele ya wavulana wa kutwa. Matroni alitoka alikokuwa, akavua kitenge chake kiunoni, akabaki na gagulo, akanifunga mimi. Akanisindikiza hadi bwenini kwa mwendo wake wa kawaida, mwanamke mzima na gagulo lake mbele ya shule nzima, na hakuna aliyethubutu kucheka. Kesho yake alinipa adhabu ya kufyeka kwa kuondoka paredini bila ruhusa. Nilifyeka huku nampenda.

Jua lilikuwa jambo jingine. Kivuli alikiona ni uvivu. Pale bwawani alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sakafu ya saruji kuanzia asubuhi mpaka jioni, bila mwavuli, akitafuna karanga kutoka mfuko wa aproni, na uso wake ulikuwa umekauka kiasi kwamba usingeweza kukisia umri. Miavuli minne ya matangazo ya bia ilikuwa upande wa watu wazima. Upande wa watoto palikuwa na mgrevilea mkubwa mmoja, nao alimwambia mwenye bwawa aukate kwa sababu majani yake yaliangukia majini. Ukakatwa. Watoto walipotoka majini wakitetemeka aliwaambia wakalale kwenye saruji ya moto, jua liwakaushe, jua ni dawa ya mifupa. Wazazi walikubali kwa kichwa. Nani huku kwetu aliwahi kuambiwa kwamba jua linaweza kumdhuru mtoto mweusi aliyekulia shambani?

Mimi niliambiwa. Evodia wangu alizaliwa na ualbino, na siku ile ile nesi wa kliniki alinikalisha. Mtoto huyu, alisema, nguo ya pamba, nzito, mikono mirefu, hadi shingoni. Kofia pana. Losheni ya kuzuia jua kila anapotoka nje, na akitoka majini apakwe upya. Baba yake Evodia alisikiliza kama mimi, akaenda machimboni Geita, akatupa kisogo. Nilibaki na mtoto na roho mkononi. Aliyeishi kanda hii miaka ile anajua nilimfungia ndani kwa ajili ya nini, na haikuwa jua peke yake.

Alipofika miaka sita, wenzake wa darasa la awali walimsimulia mtelezo wa buluu. Hakuniomba mara mbili. Alikuwa mtoto wa kuomba mara moja, kisha ananyamaza na kukutazama, na macho yake hayatulii. Nikamshonea blauzi ya pamba nzuri, mikono hadi kwenye viganja, kola ya kusimama. Nikampaka losheni mpaka akawa mweupe zaidi. Jumapili tukavuka barabara.

Langoni nilikutana na Matroni, ambaye tangu shule nilikuwa nikimtazama kwa mbali tu, na kabla sijafikiri nilikuwa nimepiga goti. Mwanamke mwenye cherehani yake, mwenye mtoto, goti kwenye changarawe. Shikamoo. Akaitika, akanitazama, akasema, "Kumi na Nne. Umenenepa." Nikafurahi kupita kiasi kwamba ananikumbuka.

Tukiwa tumesimama pale, mwanamume mmoja aliyekuwa upande wa nyama choma alikuja na chupa yake mkononi, anacheka, akasema anataka kushika nywele za mtoto kidogo tu, za bahati. Mwili wangu uliganda. Nilikuwa nimeuota mkono ule tangu Evodia azaliwe, na ulipokuja kweli sikuweza hata kupiga ukelele. Matroni hakuganda. Aliuchukua mti wa kusukumia maji sakafuni, akamwekea yule mtu kifuani, akaanza kutembea, na yule mtu akatembea kinyumenyume mpaka nje ya lango, akaiacha chupa yake njiani. Matroni akafunga komeo. Alirudi anahema, akamwinamia Evodia, akamwambia polepole, "Hapa kwangu hakuna wa kukugusa, mwana wanje."

Mwanangu, alimwita, kwa lugha ya nyumbani. Mimi nililia. Nasema haya yote ili ijulikane nilikuwa katika hali gani lilipokuja neno lililofuata, kwa sababu dakika ile angeniambia nivuke mto Kagera kwa miguu ningevuka.

Alitoa leso, akasugua blauzi. Haikuchuja. Mimi ni fundi, sishonei mwanangu kitambaa kinachochuja. Akashika kitambaa kwa vidole viwili, akakisikiliza kwa vidole.

"Pamba. Na mikono mirefu. Mvue."

Nikamwambia, kwa sauti ya bweni, kwamba kliniki wameagiza.

"Kliniki hawana chujio," alisema. Kisha akapitisha kidole kwenye shavu la Evodia, akakitazama. "Na haya mafuta akayaoshe pale bombani."

Nikasema ni dawa ya jua.

"Si anaingia majini? Maji ni baridi. Jua linamwunguzaje mtu aliye ndani ya maji?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mtoto jambo jepesi. "Fanya kwanza, utauliza baadaye. Mimi nipo, nitamwangalia."

Nilimvua. Mikono ni hii. Vifungo nilivishona mimi na nilivifungua mimi, kimoja kimoja, nikaikunja blauzi na kofia nikaviweka kwenye mfuko. Nikampeleka bombani nikamsugua losheni ikaisha, nikaona inavyoteremka na maji kwenye kijishimo cha saruji. Nikamvika ile ya kamba nyembamba kutoka kwenye sanduku. Mawingu mepesi yalikuwa yametanda, na nilijiambia leo hakuna jua. Hata mimi niliyefundishwa na nesi nilijiambia hivyo.

Alicheza kwa muda wa karibu saa tatu. Sijawahi kumsikia akicheka vile kabla ya siku ile wala baada yake. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo Matroni alimsimamia ngazini kila alipopanda, akimshika mkono, na alipoteleza alimsubiri chini. Watoto wengine waligombezwa siku nzima. Evodia hakugombezwa hata mara moja. Nilikaa kwenye saruji nawatazama wawili hao na nilishukuru, hilo ndilo linalonichoma, nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mwanamke.

Jioni mabega yalikuwa mekundu. Asubuhi yalikuwa na malengelenge ya ukubwa wa maharage, na mtoto analala kifudifudi, hataki hata upepo wa kanga. Nesi wa kliniki hakunigombeza. Alivaa glavu, akaanza kuosha, na akaniuliza swali moja tu: blauzi ilikuwa wapi? Nikamwambia ilikuwa kwenye mfuko.

Jumatano nilikwenda kwa Matroni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumvunja, nimeyarudia njia nzima. Alinisikiliza ameketi kwenye kiti chake, hatafuni. Nilipomaliza alisema, "Ungemtoa mapema." Kisha akainuka kwenda kutia dawa kwenye maji. Kesho yake alituma mtu aniletee kopo jipya la mafuta ya mgando, nimpake mtoto, lile lile kopo ambalo kila mama anapaka mtoto wake huku kwetu. Nililitupa chooni nikasikia linavyofika chini. Lakini kutuma alituma, na lilikuwa kubwa, la familia.

Kibao hakikubadilika. Wanawake wenzangu walimtetea: ni mtu wa sheria, hana ubaya, mbona watoto wetu hawajapata kitu. Nikahamisha cherehani yangu Nyamigogo, kwa watu wa mihogo na mahindi, ambako hakuna bwawa. Miaka imepita, Matroni akaacha kazi kwa sababu ya miguu, na nasikia siku hizi pale pana msimamizi kijana, na kibao kipya kinachosema watoto wavae nguo za kuogelea za mikono mirefu, kofia inaruhusiwa, losheni ya jua inaruhusiwa. Wameweka na turubai la kivuli. Walioniambia waliniambia kwa furaha, wakidhani nitafurahi. Nilikasirika siku tatu. Kama jambo lilikuwa jepesi hivyo, la kufutwa kwa brashi na rangi, basi bega la mwanangu liliunguzwa kwa ajili ya nini?

Mwaka huu Evodia ana miaka kumi na mmoja. Kwenye bega la kushoto, pale kamba ya ile nguo ilipokuwa, kilitokea kidonda kidogo kisichopona. Kilikatwa, kinyama kikapelekwa kupimwa, na jibu lilikuwa lile ambalo kila mzazi wa mtoto kama wangu analiogopa. Miezi minne baadaye kikarudi mahali pale pale. Daktari ni mtu mwema. Nilimuuliza ikiwa ni ile Jumapili. Alisema jua la siku moja haliwezi kushtakiwa peke yake, ni jua la miaka, la njia ya shule, la uwanjani, la siku nilizochelewa kumpaka. Nikamuuliza kama anaweza kuapa kwamba si ile Jumapili. Alisema hapana, hilo hakuna anayeweza. Nimekula na kulala na jibu hilo.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda hospitali ya wilaya kuambiwa kama kidonda kitakatwa pale au twende Mwanza. Benchi lilikuwa limejaa. Kwenye kona, mwanamke mzee mwenye fimbo alisogea akapiga piga benchi, mkae hapa, na nilipokaa nikajua ni nani. Macho yamemwishia, yana ukungu. Nilimwamkia kwa sababu ni mzee. Sikupiga goti. Aligeuza kichwa, akauliza sauti hii ni ya nani, nikamwambia ni ya fundi aliyekuwa Lusahunga, yule mwenye mtoto. Hakusema amenikumbuka wala hajanikumbuka.

Alinyoosha mkono akamgusa Evodia, akapanda na mkono mpaka begani, akakuta bandeji chini ya blauzi. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni kansa ya ngozi. Halafu ile sauti ya bwenini ikatoka, ndogo zaidi lakini ni ile ile.

"Mlimwachia jua. Mtoto wa namna hii haachiwi jua. Akina mama wa siku hizi hamjali."

Watu wa kwenye benchi walitugeukia.

"Ni wewe uliyeniambia nimvue," nilisema. "Blauzi alikuwa nayo. Losheni alikuwa nayo. Uliniambia nimvue na nimwoshe."

Aliweka mikono miwili juu ya fimbo. Nilidhani ataomba radhi. Nilikuwa nimeisubiri radhi hiyo miaka mitano na nilikuwa nimeshaandaa jinsi ya kuikataa.

"Niliwaambia wengi wavue," alisema hatimaye. "Alikuja mama mmoja kutoka Rusumo, naye mtoto wake alikuwa hivi hivi. Nikamwambia avue. Alinitukana mimi, akamtukana na mwenye bwawa, akamshika mtoto wake na blauzi yake wakaondoka. Namheshimu yule mama mpaka leo."

Basi. Mhudumu alitokeza mlangoni akaita jina la Evodia. Tuliinuka. Kwenye korido, kabla hatujafika chumba cha daktari, mwanangu aliniuliza bila lawama, kama anavyouliza hesabu za shule, kwa nini mimi sikumtukana. Nilimwambia atembee, daktari anatusubiri.

Daktari alikuwa anaandika. Bila kuinua kichwa alimwambia Evodia aketi kwenye kiti cha dirishani na avue blauzi aone bega. Evodia akaketi, mkono ukaenda kwenye kifungo cha kwanza papo hapo. Nikaushika. Nikamwambia daktari afunge pazia kwanza, kwa sababu jua linapiga kwenye kile kiti.

Akasema samahani mama, akainuka akalifunga. Ilikuwa rahisi hivyo.